Hunter ya 1/48: Haikai, Lakini Ni Yenyewe!

Pua wameipata! Nianze na hilo kabla ya jingine lolote, kabla ya kueleza sanduku lina nini na linamfaa nani, kabla hata ya kunawa vumbi la plastiki mikononi. Wameipata pua ya ndege ya kivita ya Hawker Hunter. Ule mteremko unaoanzia chini ya kioo cha rubani, ukashuka taratibu, ukajikunja kidogo kabla ya kufika nchani: upo. Na lile tumbo la chini, pale mizinga minne inapotokeza midomo, halikubanwa likawa bapa wala halikuvimbishwa likawa kitambi. Nimeshika nusu mbili za kiwiliwili, nimezibana kwa vidole bila gundi, nimezisogeza dirishani kwenye mwanga, na jamani, ni yenyewe. Ni Hunter.

Halafu nikazibana tena, kwa makini zaidi, nikaona kwamba hazikutani.

Basi mjue mapema nisije nikalaumiwa: hili ni sanduku la watu wabishi. Haikai. Kiwiliwili hakikai, bawa la kushoto halikai, la kulia linakaa nusu, na kioo cha rubani kinakaa kikijisikia. Lakini nasema, na nitasimama hapo hapo: hii ndiyo Hunter ya plastiki niliyokuwa naisubiri. Mwanya unazibika. Puti ipo, msasa upo, usiku ni mrefu. Umbo likishakosewa kwenye kalibu, pua ikatoka fupi au mgongo ukatoka umenyooka pale ulipopaswa kupinda, hakuna puti ya kuliokoa. Utabaki na ndege iliyofungana vizuri kila kiungo na ambayo si Hunter. Ninazo za namna hiyo kabatini. Kila nikizitazama naudhika.

Ndani mna Hunter ya toleo la FGA.9 kwa kipimo cha 1/48. Ndege halisi ilikuwa na urefu wa mita 13.98 na mabawa ya mita 10.26 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo mezani unapata kitu cha sentimita 29 kwa 21: ukubwa mzuri, unaotosha kuonyesha ribiti bila kukufukuza chumbani. Nimeweka rula. Iko sawa. Kiwanda sitakitaja. Nina mengi ya kukisifu na mengine ya kukinung'unikia, na manung'uniko ya mezani kwangu yabaki mezani kwangu. Niseme tu kwamba ni kiwanda kidogo, na hapo ndipo maradhi yote yanapoanzia.

Wakubwa wa kazi hii huchonga kalibu zao kwenye chuma kigumu, wakasukuma plastiki ya moto ndani kwa shinikizo kubwa, na kila kipande kikatoka na vipini na vitundu vyake vya kukutania. Kalibu ya namna hiyo ni ghali kupita kiasi. Lazima iuze masanduku maelfu kwa maelfu ndipo irudishe fedha. Mdogo hawezi. Hutumia kalibu ya kitu laini zaidi na shinikizo dogo, akatoa masanduku machache kabla kalibu haijachoka. Matokeo yake unayajua ukishika fremu iliyobeba vipande: ni vinene, hakuna vipini vya kukutania, na kandokando kuna plastiki iliyovuja, nyembamba kama ganda la kitunguu. Mistari ya mabati, hata hivyo! Imechongwa ndani, myembamba, mikali, haikutetereka popote. Nimepitisha ukucha juu ya bawa nikacheka peke yangu.

Na stika! Shikeni roho. Moja kati ya ndege unazoweza kuchagua ni ya Kikosi cha 208 cha Jeshi la Anga la Uingereza wakati kilipokuwa Nairobi. Ndiyo, Nairobi hii hii, uwanja wa Eastleigh, ambao leo ni kambi ya Moi Air Base. Kikosi kilihamia pale mwaka 1960 na Hunter zake mpya. Julai 1961 zikaondoshwa mbio kwenda Ghuba, Kuwait ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru kamili na Iraki ya Abdul Karim Qasim ikidai ni sehemu yake, na kabla mwaka haujaisha kikosi kikawa Khormaksar, Aden. Mtu aliyekuwa mtoto Pumwani miaka ile lazima alizisikia injini hizi kabla ya kuziona. Kila mjenzi wa ndege ndogo ana Hunter ya Uingereza kichwani mwake: ya kijani na kijivu, uwanja umelowa mvua, mawingu yamekaa chini. Mimi sasa nina ya jua kali la Eastleigh na udongo mwekundu, nayo imo kihalali ndani ya sanduku, sikuibuni.

Tena toleo lenyewe lilizaliwa kwa ajili ya joto la upande huu wa dunia. Mwaka 1958 Waingereza walipeleka Aden ndege za aina tatu, Hunter, Gnat na Jet Provost, wakazishindanisha juani na vumbini ili wapate mrithi wa ndege ya Venom. Hunter ikashinda. FGA.9 ikaongezewa parachuti ya breki mkiani, hewa baridi zaidi kwa rubani, na mabawa yenye nguvu ya kubeba matangi makubwa ya mafuta. Yote hayo yamo kwenye fremu. Hata kile kijumba cha parachuti juu ya ekzosi kimetengwa kama kipande chake, na kimekaa. Nakiandika kwa wino wa dhahabu, maana ni miongoni mwa vichache vilivyokaa.

Tuingie kazini.

Chumba cha rubani ni kizuri kuliko unavyostahili kupewa kwa bei hii. Kiti cha Martin-Baker kimetengenezwa kwa vipande kadhaa, mikanda ni ya shaba iliyochongwa kwa asidi, na dashibodi ina stika ya saa zote. Nilipaka nyeusi, nikapitisha kijivu kwenye kingo, nikakipenda kupita kiasi. Halafu unakiweka ndani ya kiwiliwili na kiwiliwili kinakataa kufunga. Chumba ni kipana mno. Ni ugonjwa wa kawaida wa masanduku ya aina hii: aliyechora chumba alichukua vipimo sahihi vya nje na kusahau kwamba ukuta wa plastiki yake ni mnene. Dawa ni kupunguza kuta kwa ndani, si chumba. Chukua msasa mkavu namba 240, uzungushie kijiti, sugua ukuta wa ndani hadi mwanga wa taa uanze kupenya kwa mbali. Hapo acha. Ukikata chumba chenyewe, kiti kitakaa upande na rubani wako ataruka maisha yake yote akiwa ameinamisha bega.

Kabla hujafunga: uzito! Hunter inasimama kwa magurudumu matatu, moja puani, na plastiki yote nzito iko nyuma. Usipoweka risasi puani itakaa kwa mkia. Mimi nimetumia chubwi za wavuvi, zile ndogo, nimezigonga zikawa bapa, nikazijaza mbele ya chumba cha rubani na chini ya sakafu yake mpaka hakuna pa kuingiza hata sindano. Karatasi ya maelekezo inasema weka uzito, haisemi kiasi gani. Weka mwingi. Hakuna aliyewahi kujuta kwa pua nzito.

Kiwiliwili nacho kimepinda, nusu ya kushoto imeinama ndani karibu na mkia. Usijaribu kukifunga chote kwa mara moja. Gundi ya plastiki haishiki kama ya mbao. Inayeyusha nyuso mbili zikachanganyika zikawa kitu kimoja, na kwa hiyo inakupa nafasi ya kwenda kipande kwa kipande. Anza na mgongo nyuma ya kioo, sentimita tatu nne, bana, subiri ishike. Kisha songa nyuma. Kisha tumbo. Ukifika mkiani plastiki itakuwa imeshakubali yenyewe. Nimeweka vibanio vya nguo na tepu kila mahali, na mshono wa mgongoni umetoka safi kiasi kwamba msasa wa maji peke yake umetosha. Mshono wa mgongo wa Hunter ni wa kuogopwa, kwa sababu hakuna mstari wa bati pale wa kuuficha. Mgongo halisi ni laini. Huu umenitoka. Niacheni nijisifu.

Sasa mashina ya mabawa. Vuta kiti.

Hunter haivuti hewa kwa pua kama MiG ya zamani. Midomo yake ya hewa ni pembetatu mbili zilizokaa pale bawa linapokutana na kiwiliwili, na ndicho kitu kinachoifanya iwe nzuri kiasi hiki: Sydney Camm, yule yule aliyebuni Hurricane, aliiacha pua iwe ya mizinga na rubani tu, hewa akaipitisha mashinani mwa mabawa hadi kwenye injini ya Rolls-Royce Avon iliyolala katikati ya mwili. Kwa jicho ni furaha. Kwa mwenye gundi mkononi ni balaa, kwa sababu pembe ile moja inakutanisha bawa la juu, bawa la chini, mdomo wa hewa, njia ya hewa ya ndani, kibati cha kutenganisha hewa na ukuta wa kiwiliwili. Kila kimoja kina unene wake na kila kimoja kimekosea kidogo. Makosa hayo hayafutani, yanajumlishwa.

Na hapa ndipo ninapowashika wachoraji shati. Hawker wenyewe walijenga kipande cha kati cha kiwiliwili pamoja na mashina ya mabawa na midomo ya hewa, kitu kimoja, kisha bawa la nje likafungwa hapo. Kiungo halisi kiko nje ya mdomo wa hewa, mahali tambarare, chepesi kuzibwa. Kwa nini sanduku halikufuata njia hiyo hiyo? Wangemwaga shina pamoja na kiwiliwili, mshono ungeangukia juu ya mstari wa bati uliopo tayari, nasi tungelala mapema. Badala yake wamekata bawa zima ubavuni, mahali ambapo ndege halisi haina mshono wowote. Umbo wanalielewa mno watu hawa. Ni ramani ya vipande ndiyo iliyowashinda.

Mwanya wenyewe: upande wa kushoto, juu, karibu milimita nzima, ukiwa mpana mbele na kufifia kuelekea nyuma. Kulia ni nusu yake. Chini hakuna mwanya bali kuna ngazi. Bawa limeshuka kuliko tumbo. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuyasukuma mabawa juu mpaka mwanya wa juu ufunge. Nawasihi msifanye hivyo! Mabawa ya Hunter hayakuinuka. Yameinama chini kwa nyuzi kama moja hivi, kidogo sana, jicho haliwezi kupima lakini jicho linajua. Ukiyainua ufunge mwanya, unapata ndege yenye mabawa ya kunguru anayetua, na ile sura ya kuinamia kazi, ambayo ndiyo Hunter yenyewe, imekwenda.

Njia ni kupanua kiwiliwili. Kata kijiti kutoka kwenye fremu tupu, kirefu kidogo kuliko upana wa ndani, ukikaze kati ya kuta mbili nyuma ya midomo ya hewa, kingine karibu na ukingo wa nyuma wa bawa. Kuta zinasukumwa nje, zinalifuata bawa. Pima bila gundi. Punguza kijiti. Pima tena. Kwangu mwanya wa kulia umetoweka kabisa kwa vijiti peke yake, na wa kushoto umebaki kama unene wa karatasi mbili. Kwa kulinda ule mwinamo, nimekata kipande cha kadibodi chenye umbo la tumbo na mabawa yakitazamwa kutoka mbele, nikaikalisha ndege juu yake wakati gundi ikishika.

Kilichobaki usikijaze puti. Puti hunywea ikikauka, na mwaka ujao utaona mfereji pale ulipodhani umemaliza. Kata vipande vya fremu tupu, vitumbukize kwenye chupa yenye gundi ya majimaji kidogo, uviache usiku kucha. Unapata uji wa plastiki ile ile ya ndege yako. Upake mwanyani uzidi kidogo, uuache siku kadhaa bila kuugusa (ndiyo, siku kadhaa, tulieni), kisha upitishe msasa. Unakuwa mgumu sawa na bawa, unachongeka mistari sawa na bawa, na ukipigwa praima hauonekani. Puti niliiweka kwa ngazi ya chini tu, nayo ni ile laini ya kumalizia ya mafundi wa bodi za magari, siyo ile nzito ya kuchanganya na hadina. Gerezani ya Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga ya Nairobi utaipata kwa bei ya kawaida, na haina tofauti ninayoiona na tyubu ndogo za wajenzi zinazoagizwa ng'ambo kwa bei ya kuudhi. Fundi mmoja wa rangi aliniuliza, "Mzee, gari gani hili la puti kidogo hivi?" Nilipomwonyesha picha ya ndege kwenye simu akaita wenzake.

Mizinga sasa, na hapa narudi kushangilia. Hunter ilibeba mizinga minne ya aina ya ADEN ya milimita 30 ndani ya sanduku moja pamoja na risasi zake zote. Mafundi walilishusha zima kutoka tumboni na kupandisha jingine lililojaa katika dakika chache, mitutu ikibaki kwenye ndege. Kwenye seti hii sanduku la mizinga ni kipande chake, chenye mistari yote ya milango. Linakaa likiwa limezama kidogo. Ongeza ukanda mwembamba wa plastiki ndani, litainuka. Pembeni mwake kuna vinundu viwili. Risasi zilipofyatuliwa, vyuma vilivyoziunganisha vilimwagwa nje na kuchubua tumbo la ndege, ndipo vikawekwa vinundu vya kuvikusanya. Vijana wa vikosini wakavipa jina la Sabrina, mwigizaji wa Kiingereza wa miaka ile aliyesifika kwa kifua, na jina limebaki vitabuni hadi leo. Sabrina wa sanduku hili wana vishimo katikati, plastiki imenywea ilipokuwa inapoa. Tone la uji ule ule, msasa, kwisha.

Nyuma ya tumbo kuna breki ya hewa, na tahadhari hapa ni ya kinyume. Utaiona imetokeza nje, haijalala sawa na mwili, na mkono wako uliokwisha kuzoea kusawazisha kila kitu utachukua msasa. Weka chini huo msasa! Ndivyo ilivyo. Mwanzo walitaka flapu zifanye kazi ya breki, zikashindwa, ndipo wakaibandika hii chini ya mwili wakati ndege imeshachorwa. Inaonekana imebandikwa kwa sababu ilibandikwa. Mkia wa kusimama na mapezi yake havina hadithi: vimekaa, vimelia "tik", nimepita.

Kioo cha rubani kinanitia wasiwasi. Ni safi ajabu, chembamba, unaona saa zote za dashibodi bila kupotoka. Lakini ni chembamba kwa upana pia, hakifiki kingo za kiwiliwili, hasa baada ya kukipanua kwa vile vijiti. Nimeamua kukiweka wazi, kimevutwa nyuma, kama ndege iliyopumzishwa juani ikimngoja mwenyewe. Kioo cha Hunter hufunguka kwa kuteleza nyuma, kwa hiyo hakuna uongo hapo, na kikiwa wazi tofauti ya upana inafichika. Anayetaka kukifunga akipashe kidogo kwa maji ya vuguvugu, akipanue kwa subira, akibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Asithubutu kutumia supagluu. Mvuke wake hugandia kioo kikawa na ukungu usiofutika.

Matangi ya mafuta ni makubwa, ya galoni 230, na nusu zake zinakutana vizuri kuliko kiwiliwili chenyewe. Yabandike, hata kama unapenda ndege tupu isiyobeba kitu. Hunter za mwanzo zilikuwa na kiu na mfuko mdogo. Februari 8, 1956, ndege nane za toleo la F.1 zilinaswa na ukungu Norfolk, Uingereza. Sita zilipotea kwa kuishiwa mafuta na rubani mmoja akafa. FGA.9 yenye matangi yake ni jibu la historia hiyo, na flapu za sanduku hili tayari zimekatwa pembe ili zisigonge tangi zikishuka. Jambo dogo, lakini linaonyesha kuna mtu kule kiwandani anayeijua ndege hii. Mtu huyo huyo angekaa meza moja na mchoraji wa mabawa!

Rangi bado. Nitakapofika hapo ni kijani na kijivu cha bahari juu, fedha chini, kama zilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fedha ndiyo inayoogopesha, kwa sababu haifichi hata mkwaruzo mmoja wa msasa, na tumbo la ndege hii limepigwa msasa mwingi. Nitapitia namba 400, 800, kisha 1200 ya maji, na praima nyeusi ya kung'aa kabla ya fedha.

Nani asinunue? Anayejenga ndege yake ya kwanza asinunue. Atakata tamaa kwenye mashina ya mabawa na kuwaambia watu kwamba kazi hii haina raha. Anayetaka kuweka meza safi ifikapo Jumapili jioni naye aende kwingine. Kuna masanduku ya wakubwa yanayokaa kwa kubofya tu, na sina ugomvi nayo. Lakini wewe uliyewahi kuitazama picha ya ile Hunter nyekundu, WB188, ambayo Neville Duke alivunja nayo rekodi ya dunia Septemba 7, 1953, kilomita 1,171 kwa saa juu ya pwani ya Sussex, ukajiuliza ndege inapataje kuwa na umbo hili, wewe nenda. Nenda leo. Sanduku halitakaa dukani, na kalibu za namna hii hazidumu.

Lililonikosesha raha hasa si mwanya wowote. Ni karatasi ya stika. Eastleigh wametupa, asante, lakini Kenya yenyewe ilinunua Hunter katikati ya miaka ya 1970, zikiwemo za viti viwili, na mwaka 1975 Jordan iliipa Oman Hunter zake wakati wa vita vya Dhofar. Ngao ya Kenya haimo. Alama za Oman hazimo. Stika ni karatasi tu, haihitaji kalibu mpya! Na wakimaliza hilo watutengenezee ya viti viwili, T.7, yenye ile pua pana ya watu wawili bega kwa bega. Nitakuwa wa kwanza foleni, hata ije na mwanya wa kupitisha kidole.

Sasa niacheni. Bawa la kushoto bado lina tepu, uji umeshakauka, na msasa namba 400 nimeshauloweka.